Kunepa na Kunesa

Kuna shutuma moja ambayo Kiswahili kimeizoea kama mlango ulivyozoea kugongwa. Kila panapotajwa mtambo, hutokea mtu akasema: "Hapo Kiswahili hakina maneno." Rafiki yangu mmoja, mhandisi kwa taaluma na mpenzi wa mashairi kwa moyo, alinieleza jambo hilo bila kuficha. "Mapenzi sawa, siasa sawa, maombolezo sawa," alisema, "lakini ukitaka kurekebisha gari la mbio, Kiswahili kitakuacha njiani."

Siandiki makala haya kwa kumkasirikia. Nayaandika kwa sababu mwaka jana nilifanya jambo hilo hilo alilolitaja, na nililifanya kwa Kiswahili kitupu tangu bolti ya kwanza hadi hukumu ya mwisho. Aliyengoja hukumu hiyo si mshabiki wa mbio. Ni mama yangu mzazi, mwenye miaka sabini na ushei na maradhi ya mgongo, ambaye kila baada ya miezi mitatu hutoka Pangani kuja Dar es Salaam kumwona daktari, na gari la kumleta ni langu.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004. Watu wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana habari za gari hili. Impreza ndiyo iliyompa Colin McRae ubingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 1995, ikampa Richard Burns mwaka 2001 na Petter Solberg mwaka 2003. Tena lilishinda Safari Rally nchini Kenya, kwa McRae mwaka 1997 na kwa Burns mwaka 2000, katika mashindano ambayo jina lake lenyewe limechukuliwa kinywani mwetu. Langu halijapata kushindana na chochote ila mabasi ya mikoani. Hata hivyo limezaliwa katika ukoo huo, na ukoo una haki zake: gari la namna hii likilegea chini huwa hatari kuliko gari la kawaida, kwa kuwa injini yake haijui kwamba miguu imechoka.

Na miguu ilikuwa imechoka kweli. Shokapu zote nne zilikuwa zinavuja mafuta, na kwenye kona gari lilijilaza kama mtu aliyesinzia kwenye mkeka. Ndugu yangu alinishauri niliuze, ninunue gari refu lenye viti vipana. Mimi nilitaka kulitunza. Tukaafikiana hivi: nifunge shokapu za kurekebishwa, zile ambazo vijana wa magari huziita koilova, nizijaribu katika safari za mama, na kama mgongo wake utateseka, gari liuzwe bila mjadala. Kwa hiyo hukumu ilikuwa ya mama, si yangu.

Kabla sijasimulia kazi yenyewe, niruhusuni nieleze tofauti moja, kwa maana ndani yake mna utamu wa lugha. Mitaani tunasema "shokapu zimekufa" kwa kila ugonjwa wa chini ya gari. Lakini chini ya gari kuna viungo viwili vyenye kazi mbili, na Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyopishana kwa konsonanti moja tu kuvieleza: kunepa na kunesa.

Kunepa ni kupinda kwa kuelemewa. Mti wa mzegazega hunepa kwa madumu ya maji. Kamba ya kuanikia hunepa kwa nguo mbichi. Anayezuia gari lisinepe ni springi. Kazi yake ni kubeba uzito, basi. Kunesa ni kupinda na kurudi, kupinda na kurudi, kama kilele cha mnazi mchanga katika upepo, au kama ubao mwembamba ukipitwa juu yake. Anayezuia gari lisinese ni shokapu. Yeye habebi mzigo wa gari. Yeye hutuliza mwendo wa springi.

Springi haina kadiri. Ukiibonyeza hurudi, na ukiiacha peke yake itapanda na kushuka mpaka ichoke yenyewe. Shokapu ndiyo huichosha. Ndani yake mna bomba lenye mafuta na pistoni yenye matundu membamba. Gurudumu linapopanda au kushuka, pistoni husukumwa, mafuta hulazimika kupenya katika matundu hayo, na taabu hiyo ya kupenya huugeuza mtikisiko kuwa joto. Ndiyo maana ukiigusa shokapu baada ya njia mbaya utaikuta ina moto. Gari linalonepa, basi, lina springi dhaifu. Gari linalonesa lina shokapu iliyoishiwa nguvu. Aliyetofautisha maneno hayo mawili amekwisha kufanya nusu ya uchunguzi wa fundi, na hajainama chini ya gari.

Koilova ni springi na shokapu vilivyofungwa pamoja katika mkono mmoja, na kila kimoja kinaweza kupangwa. Kimo cha gari hupangwa kwa kuzungusha sehemu ya chini yenye thredi. Ugumu wa shokapu hupangwa kwa ufunguo mdogo unaoingizwa kichwani, ambao kila ukigeuka hutoa mlio wa "tik". Zangu zina ngazi 16. Mshairi hawezi kuisikia namba hiyo bila kutabasamu, kwa kuwa ndiyo idadi ya mizani za mshororo mzima wa shairi letu la kawaida, 8 ukwapini na 8 utaoni. Ni sadfa tu, lakini kuanzia siku hiyo fundi aliponiambia "rudi mizani mbili", sikumsahihisha.

Springi za mbele zina ugumu wa kilo 5 kwa kila milimita, yaani kila kilo 5 za mzigo huibonyeza milimita 1. Kona moja ya mbele ikibeba kilo 350, springi itajikunja milimita 70 kabla gari halijaondoka uani. Hesabu hiyo hiyo hutoa jambo jingine: kona hiyo, ikiachwa ipande na kushuka kwa hiari yake, itafanya hivyo karibu mara 2 kwa sekunde. Magari ya starehe hupumua polepole kuliko hivyo, karibu na mwendo wa mtu anayetembea kwa utulivu. Gari la mbio lina pumzi za haraka. Mgongo wa mzee huzihesabu.

Kazi ya kufunga ilituchukua siku moja, katika gereji ndogo huko Ilala, chini ya mwembe. Fundi ni kijana makini, mwenye tabia ya kunyamaza kabla ya kujibu. Alilegeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini, akaliinua kwa jeki, akaliweka juu ya stendi, kisha akayatoa magurudumu. Mpira wa breki aliufungua kwenye kishikio chake na kuutundika kwa waya ili usibebe uzito. Pale shokapu inaposhikana na chuma kinachobeba gurudumu pana bolti mbili, na ya juu yake ndiyo inayoamua gurudumu lisimame wima au liinamie ndani. Alichora alama kwa chaki kabla ya kuigusa. Juu, chini ya boneti, kuna nati tatu. Alizilegeza mbili, akaniambia nishike shokapu kwa mikono miwili, ndipo akaitoa ya tatu.

Hapo, nikiwa nimeikumbatia shokapu iliyoloa mafuta, nilianza kusikiliza lugha ya gereji kwa sikio jingine. Majina yote yalikuwa ya kuazima: shokapu, springi, nati, bolti, bushi, spana, jeki. Lakini vitenzi! Legeza. Kaza. Inua. Shusha. Chomoa. Chomeka. Sokomeza. Egemeza. Nyoosha. Wakati bolti ya nyuma ilipokuwa na kutu, fundi alimwambia msaidizi wake, "Usiilazimishe, ibembeleze," na kijana akaelewa kwamba aipake mafuta, aikaze kidogo, ailegeze kidogo, mpaka ikubali. Nimesikia sentensi nyingi za mashairi ya mapenzi zisizo na usahihi huo.

Jambo moja zaidi la ufundi, kwa wale watakaoifanya kazi hii. Mikono ya chini ya gari ina bushi za mpira. Ukizikaza bolti zake gari likiwa linaning'inia, mpira hufungwa ukiwa umejipinda, na gari likishuka hubaki umesokotwa siku zote, mpaka upasuke. Fundi alizikaza kwa mkono tu, akalishusha gari likasimama kwa uzito wake, ndipo akazikaza kwa spana ya kupimia mkazo. Kisha tukapima kwa futi kamba, kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Tulilishusha gari milimita 15 tu. Shokapu zote nne zikawekwa ngazi ya 8 kuhesabu kutoka kwenye ugumu wa mwisho, yaani katikati. Kesho yake gari likaenda kupimwa alaimenti, kwa kuwa mguu ukibadilishwa, unyayo nao hubadili mkao.

Wiki mbili za kwanza niliendesha peke yangu jijini, na mbele ya gari palinifurahisha. Usukani ulikuwa na jibu. Gari halikujilaza tena kwenye kona, wala pua haikuchovya nilipokanyaga breki. Lakini dereva ni shahidi wa upande mmoja. Anakaa katikati ya magurudumu, mikono yake imeshika kitu, na yeye ndiye anayejua tuta linakuja. Abiria wa nyuma amekaa karibu na ekseli, hana cha kushika, na kila tuta kwake ni habari mpya. Gari hupimwa kwa kinywa chake.

Basi nikaenda Pangani kumchukua mama.

Mama ni binti wa nahodha wa jahazi. Hajui boneti hufunguliwa wapi, na hana haja ya kujua. Alikaa nyuma kushoto, na mto mdogo kiunoni, tukaondoka alfajiri. Kwenye njia ya changarawe yenye mawimbi hakusema kitu. Tulipita Tanga, tukapita Muheza, tukashika kona za kuelekea Segera, bado kimya. Baada ya Segera vijiji hukaribiana, na kila kijiji kina matuta yake na rasta zake, vile vimatuta vyembamba vilivyopangwa safu moja baada ya nyingine. Tulipofika Mkata aliniomba nisimame.

"Mwanangu," alisema, "gari lako mbele halina neno. Haliendi mrama tena kama lile la zamani. Lakini huku nyuma, kila tuta linalishusha kidogo, wala haliinuki lote. Linadidimia, linadidimia, na tuta la nne linagonga chini. Hapo ndipo panaponiumiza."

Ndugu zangu, yatazameni maneno hayo. Mrama ni neno la baharini: ni kule kuinama kwa chombo ubavu kwa ubavu kinapopigwa na mawimbi. Sisi wa nchi kavu tumeligeuza kuwa la mambo yaliyoharibika, tukasahau asili yake. Kwa mama lilikuwa bado na maji. Wahandisi wanaliandikia sura nzima jambo hilo la gari kujilaza kwenye kona. Yeye alilimaliza kwa neno moja. Tena hakusema tu kwamba gari linagonga. Alisema linadidimia, ndipo linagonga. Alitoa mpangilio wa matukio, na katika mpangilio huo ndimo ulimokuwa ugonjwa.

Nilimpigia fundi simu.

"Shikamoo mwalimu. Inagonga nyuma?" aliuliza.

"Marahaba. Inadidimia kwanza, fundi. Inadidimia tuta baada ya tuta, ndipo inagonga."

Akanyamaza kama kawaida yake. "Ingekuwa inagonga tu, ningekwambia kaza," alisema. "Lakini kama inadidimia, tusikaze. Legeza nyuma, mizani nne."

Sababu yake ni hii. Shokapu hutuliza safari mbili: ya springi kubonyea na ya springi kurudi. Katika shokapu nyingi za aina hii, ufunguo wa kichwani hugusa zaidi safari ya kurudi. Ikikazwa mno, springi iliyobonyezwa na tuta la kwanza hukawia kunyooka. Tuta la pili huikuta bado imejikunja, huikunja zaidi. La tatu huongeza. Na la nne hukuta hakuna nafasi iliyobaki, ndipo chuma hukutana na mpira wa kuzuia. Anayesikia mgongano tu huweza kufikiri kwamba gari ni laini mno, akalikaza, na kwa kukaza akazidisha ugonjwa. Kati ya "inagonga" na "inadidimia" palikuwa na mgongo wa mama yangu.

Vichwa vya shokapu za nyuma vimejificha nyuma ya kiti cha abiria. Mama alikaa chini ya mti, akaagiza chai ya rangi. Mimi nikafungua bolti chache za kiti, nikaingiza ufunguo, nikasikiliza: tik, tik, tik, tik. Kushoto na kulia. Kutoka 8 hadi 12. Kiti kikarudi mahali pake, tukaondoka. Kijiji kilichofuata kilikuwa na rasta na matuta kama kile cha kwanza. Nilipunguza mwendo kama nilivyopunguza mwanzo, nikangoja.

"Sasa linameza," alisema mama.

Sitaki kudanganya kwamba gari limekuwa godoro. Kwenye lami iliyokwanguka bado linatetema, mtetemo mdogo wa haraka unaopanda mpaka kwenye viti. Fundi ameniambia ukweli: huo ni wa springi, na hakuna ufunguo wa kuuondoa. Anayetaka uishe abadilishe springi zenyewe, na hapo atarudishiwa mrama. Kila kitu kina bei yake. Mama ameichagua bei hiyo kwa kinywa chake. Tangu siku ile tumesafiri mara tatu. Mto mdogo bado anaubeba, lakini tukifika Dar es Salaam hushuka bila kunishika mkono, na gari halijatajwa tena katika mazungumzo ya kuuza.

Usiku mmoja baada ya safari ya pili niliutunga ubeti huu. Nauweka hapa mbele ya wajuzi, waupime:

Chuma chabeba uzito, mafuta yanatuliza,
Njia nayo kama mto, mawimbi yakijikuza,
Kilaini ni ufito, hunesa kikakukwaza,
Sikiliza wake wito, ndipo uje kukikaza.

Nirudi kwa rafiki yangu mhandisi. Nadhani shutuma yake ina ukweli mahali pamoja: majina ya vyuma si yetu. Vyuma vilikuja na majina yake kama wageni wanavyokuja na majina yao, nasi tukayatamka kwa ulimi wetu, tukaongeza irabu, yakakaa. Sioni aibu katika hilo, wala sioni haja ya kuifukuza shokapu ili tuunde neno refu ambalo hakuna fundi atakayelitamka. Jina la kitu laweza kuazimwa. Lakini namna kitu kinavyokwenda, kinavyougua, kinavyopona na kinavyomtendea mwanadamu aliyekaa juu yake, hayo hatujaazima. Yamo katika vitenzi, na vitenzi tulivirithi kwa mabaharia, wakulima, wasusi na waashi. Mtu akisema Kiswahili hakina maneno ya jambo fulani, mara nyingi huwa ameangalia orodha ya nomino, akafunga kitabu.

Kunepa, kunesa, kuyumba, kudidimia, kudunda, kutetema, kubonyea, kukakamaa, kuserereka, kupepesuka, kwenda mrama: kila moja la maneno haya ni kipimo, na aliyelitumia mahali pake amepima. Mshairi anayeyachezea bila kuyatofautisha hupoteza mali, na fundi asiyeyasikia kwa mteja wake hukaza panapohitaji kulegezwa.

Basi nawaomba, wasomaji wa ukurasa huu, kila mmoja kutoka kwenye kazi aliyoizaliwa au aliyoiokota: kwenye cherehani, kwenye mashua, kwenye tanuri la mkate, kwenye wodi ya wagonjwa. Tuandikieni vitenzi vyake, pamoja na tofauti zake ndogo ndogo. Nomino mtupe mkitaka, vitenzi tunavihitaji.